Kushoto, Mume Wangu

Jumatatu, 5 Mei

Machogu kwisha! Kwisha kabisa, ila bado hajui.

Mambo yako hivi. Ubah, yule mama wa duka la mapazia na duveti mjini Kisii, anatafuta mtu mmoja wa bodaboda wa kumpelekea wateja mizigo upande wote wa Nyamira. Kazi ya kudumu. Ametuita wawili kutoka steji yetu ya Keumbu, mimi na Machogu, akasema tutapimana wiki hii. Asiyepotea njia ndiye atakayebaki. Machogu anaijua Nyamira kichochoro kwa kichochoro. Mimi naijua mpaka pale lami inapoishia. Lakini mimi nina akili.

Nimenunua hedseti ya helmeti. Spika mbili bapa za kubandika ndani penye masikio, na kijiti cha kuongelea mbele ya mdomo. Ramani iko kwenye simu, simu iko mfukoni, na yule dada wa ramani ataninong'oneza njia sikioni. Mikono kwenye usukani, macho barabarani. Machogu abaki akiuliza wachuma chai.

Nikaunganisha. Simu ikasema imeunganishwa. Nikawasha ramani, nikaondoka. Kimya. Mjomba Ochoki akanipigia, na sauti yake ikaingia safi kabisa, hadi nikamsikia akimeza mate. Akakata. Ramani? Kimya! Kumbe yule dada alikuwa anaongea, lakini anaongelea mfukoni. Nilikuwa nimembeba mke wa mzee wa kanisa. Tulipofika njia panda, sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya suruali yangu, ikisema baada ya mita mia mbili pinda kulia. Mke wa mzee wa kanisa akashuka. Alisema atatembea tu.

Nyumbani nako kimya. Linda bado yuko kwao Ikonge na mtoto. Alisema anaenda kupumzika. Anachopumzika ni mimi, najua. Mtoto mpaka leo hana jina. Nilisema aitwe Nyaboke, jina la marehemu nyanya yangu, maana ndivyo sisi tunavyofanya: mtoto huchukua jina la mtu wa ukoo aliyetangulia. Na pia mjomba Ochoki ametangaza kwamba atakayelirudisha jina la mama yake atapewa mtamba wa ng'ombe. Hilo la mtamba si la kumwambia Linda. Yeye akasema Sheila. Nikamuuliza ni Sheila gani amekufa. Akasema hajafa mtu, ni jina zuri tu. Nikacheka. Asubuhi yake akafungasha nguo.

Kumrudisha Linda na mtoto, hilo ndilo ninalotaka kuliko kitu chochote. Hilo, na Machogu kuaibika.

Jumanne, 6 Mei

Siku mbaya. Sitaandika mengi.

Nilipeleka hedseti kwa Abdimajid, nduguye Ubah, anayetengeneza simu kando ya duka. Akaigeuza geuza, akasema hiki hupokea simu za kupigiwa tu, ramani hakiijui. Nikamwambia asinikatishe tamaa. Nikajitengenezea mwenyewe. Ndani ya mipangilio ya ramani kuna mahali pa kuiambia sauti ipite kana kwamba ni simu iliyopigwa. Nikabonyeza. Ushindi! Dada wa ramani akaingia sikioni!

Ila hedseti huamka polepole kama mtoto siku ya shule, na ikiamka, yule dada ameshasema nusu ya maneno. Nasikia tu, kisha uendelee mbele. Kisha baada ya nini? Nimetoka wapi? Nikaendelea mbele. Nikafika machinjioni, nikiwa na mapazia meupe ya harusi. Mwenye mapazia alikuwa kilima cha pili. Nilipofika alikuwa amelia, na mapazia yana nzi.

Machogu alimaliza mizigo yake mapema, akarudi steji, akakaa anakula ndizi za kuchoma. Akaniuliza kama yule mwanamke wa suruali amenifikisha salama. Steji nzima ikacheka. Cheka tu.

Maana pale pale machinjioni nilikuwa nimepata wazo. Kama hedseti inapitisha simu peke yake, basi ramani na iwe mtu! Na nani anazijua njia za Nyamira kushinda binti aliyezaliwa Ikonge, aliyebeba majani chai mgongoni tangu utotoni? Linda! Nitampigia, nitamtumia mahali nilipo, atakiona kidoti changu kikitembea kwenye simu yake, na ataniambia pinda hapa, pinda pale.

Nimempigia. Nikaanza na hali ya mtoto, kwa adabu. Kisha nikaingia. Mwishowe akasema sawa, kwa sababu hataki mtoto wake awe na baba anayechekwa na Machogu. Lakini nisitaje jina lolote. Nimekubali. Akinisikiliza siku nzima atalainika mwenyewe.

Jumatano, 7 Mei

Wacha! Leo nimeruka!

Linda alikuwa sikioni tangu asubuhi, na mtoto anasikika akinyonya. Pinda penye kanisa la bati jekundu. Shuka taratibu, hapo pana utelezi. Usipite kwa mwenye mbwa. Dada wa ramani angejuaje mbwa? Nikapeleka duveti tatu na mapazia ya shule ya chekechea kabla Machogu hajamaliza chai yake. Ubah alipopokea habari alisema haya, tuone.

Baada ya chakula cha mchana Linda akabadilika. Maneno yakawa mafupi. Kushoto. Mbele. Hapana. Kikohozi. Hanijibu nikimuuliza, hanitaji, hata kuniita wewe haniiti. Nikaona amenuna, basi nikaamua kumchangamsha kwa mazungumzo. Nikamweleza kwa kirefu kwamba anayetuharibia ni mama yake. Kwamba nikienda kwao, mama yake huzunguka nyuma ya nyumba kana kwamba nimebeba ndui. Kwamba chai yake mtu anaweza kuona chini ya kikombe. Nikamaliza na ile kofia yake ya Sabato, inayowaziba watu wa viti vitatu wasimwone mhubiri. Nikacheka peke yangu hadi pikipiki ikayumba. Upande wa pili, kimya. Pumzi tu. Halafu, pinda kulia.

Jioni nikamwandikia Linda kumshukuru. Akajibu kwamba tangu alipokula mchana alikuwa amelala, yeye na mtoto.

Nimeusoma ujumbe mara nyingi. Amelala? Nywele za shingo zimenisimama, na sina nywele nyingi za shingo. Lakini wanawake wakinuna husema lolote. Nimefunga mlango mapema.

Alhamisi, 8 Mei

Siku ya ajabu, na tamu kuliko zote!

Asubuhi ukungu. Ukungu ule wa Ikonge unaokaa juu ya majani chai hadi huoni taa yako mwenyewe. Linda alikuwa mzuri hadi saa sita. Kisha kikohozi kikarudi. Kushoto. Mbele. Nikauliza ni nani. Kimya. Nikauliza tena, kwa sauti kubwa, mchuma chai mmoja akanigeukia akadhani nimemwuliza yeye. Nikasikia pumzi ikiingia na kutoka. Kisha mvua ya mawe ikapiga, nikajificha chini ya paa la kituo cha kuuzia majani, na sikioni hakukuwa na kitu kabisa.

Ilipoacha nikapanda tena. Hapo ndipo akacheka.

Mcheko mdogo, wa chini chini, wa mtu anayekujua. Akasema niamke, mume wangu, nimelala juu ya pikipiki? Mume wangu! Linda hajaniita hivyo tangu siku ya harusi! Sauti ilikuwa nzito kidogo, nikajua ni mafua. Akaniambia nishuke hadi kwenye kinu cha kusaga mahindi, kisha nifuate njia ya chini. Nikashuka. Kinu hakipo. Nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akikung'uta mawe ya mvua kwenye kikapu. Akanitazama sana. Akasema kinu kiliondolewa hapo kabla yeye hajaolewa, na ni nani ameniambia kuna kinu. Lakini njia ya chini ilikuwepo, chini ya nyasi, kama alivyosema.

Nikaifuata. Kizuri ni kwamba alikuwa ananitania njia nzima. Kwamba naendesha kama ninabeba mayai. Kwamba miguu yangu ni myembamba lakini nitafaa. Nikajibu mizaha yote. Ghafla akasema simama, mume wangu. Shuka. Hakucheka. Nikasimama, nikashuka, nikatembea mbele kidogo ndani ya ukungu, na pale daraja la magogo lilipotakiwa kuwa hakukuwa na daraja. Maji mekundu tu, yanapiga kelele. Hatua chache zaidi ningekwenda nayo.

Nikakaa chini kwanza. Kisha nikaweka duveti kichwani, nikazunguka kwa miguu, nikafikisha. Machogu aligeuza njiani. Aligeuza!

Jambo moja dogo. Nilipotoa simu ili nimpe Linda busu la mdomo, kioo kilionyesha hakuna simu iliyounganishwa. Ilikuwa imekatika tangu mvua ya mawe. Ndiyo shida ya vifaa vya bei rahisi, havijui hata vinafanya nini.

Amenisamehe. Nimenunua nyama.

Ijumaa, 9 Mei

Woi. Woi, woi, woi.

Nilimpigia Linda asubuhi nikamwita mke wangu. Akaniuliza nimekunywa nini. Nikamkumbusha maneno ya jana. Akasema hajaniita mume wa mtu yeyote, wala hakuwa kwenye simu mchana. Halafu akashusha pumzi, akasema ni heri nijue. Mchana mtoto humchosha, kwa hiyo tangu Jumatano anayeshika simu baada ya chakula ni mama yake.

Mama mkwe! Ndani ya sikio langu!

Sisi tuna chinsoni. Ni heshima ya mkwe na mama mkwe: hatukaribiani, hatutaniani, sipiti alipopita, neno la utovu wa adabu halitamkwi anaposikia. Ndiyo maana yule mama huzunguka nyuma ya nyumba. Ndiyo maana hakunitaja, hakunijibu, alikohoa tu. Aliniongoza kwa sababu alinihurumia, akinikwepa huku yuko sikioni mwangu. Na mimi nikamweleza habari ya chai yake. Na kofia. Mungu wangu, kofia!

Linda anasema baba yake, Mzee Mogire, ameita kikao Jumapili. Nije na mtu wa kunisemea. Wakiamua mimi ni mtu asiye na aibu, yeye na mtoto hawarudi Keumbu. Sauti yake ilikatika aliposema hivyo. Nililia kidogo mimi pia, nikiwa nimevaa helmeti, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Lakini subiri. Nimekaa, nimefikiri. Kama mchana ni mama mkwe anayeshika simu, basi jana ni nani aliyeniita mume wangu? Aliyesifu miguu yangu? Ala! Ni yeye! Yeye ndiye amevunja chinsoni kunizidi mimi! Mimi nilitaja kofia, yeye ametaja miguu!

Jumapili nitalitoa hilo katikati ya kikao. Watatetemeka. Watanirudishia Linda, na jina litakuwa Nyaboke, na mtamba nitamfunga pale penye mgomba. Jua linazama, Sabato inaingia. Naweka kalamu chini nikiwa na amani.

Jumamosi, 10 Mei

Sabato. Siandiki. Neno moja tu.

Tumetoka kanisani. Simu nimeizima tangu jana, helmeti iko juu ya meza. Nilikuwa nimejinyoosha nikipanga maneno ya kesho. Kutoka mezani, kule ndani ya helmeti, sauti ikasema mume wangu, anua nguo, mvua hiyo. Nikatoka nikaanua. Nilipoingia na shati la mwisho mvua ikamwagika.

Vifaa vya siku hizi huhifadhi sauti, kumbe. Na mama mkwe anajua sana mambo ya hewa. Lakini helmeti nimeigeuzia ukutani, na nimekaa jikoni mpaka mjomba alipokuja.

Jumapili, 11 Mei

Nimerudi.

Nilikwenda Ikonge na mjomba Ochoki. Tukakaa sebuleni kwa Mzee Mogire, pamoja na wazee wa ukoo wake. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyumba ndogo ya nyuma, asionekane. Linda mlangoni na mtoto. Mtoto amenenepa. Amechukua paji langu la uso, maskini.

Mzee Mogire akaeleza kosa bila kulitamka, jinsi watu wazima wanavyofanya. Mjomba akaomba radhi vizuri sana, akaahidi mbuzi. Wazee wakaanza kulegea. Kila kitu kilikuwa kinakwisha kwa amani. Nami nikasimama.

Nikasema nina la kuongeza. Nikasema Alhamisi mchana, mama aliyeshika simu aliniita mume wangu, si mara moja, na akanisifu miguu.

Jikoni sufuria ikaanguka. Mjomba alinivuta koti hadi kifungo kikatoka. Linda alifunika uso wa mtoto kwa leso, kana kwamba mtoto anaweza kuelewa. Nikaona nimeua kikao, na kwa muda mfupi nikafurahi. Kisha nikasikia mama mkwe akilia kule nyuma, kilio cha mtu aliyeonewa, na furaha ikaniishia.

Linda akaenda jikoni, akarudi na maneno ya mama yake. Alhamisi stima ilipotea Ikonge nzima mvua ya mawe ilipoanza. Simu ilikuwa na chaji kidogo, ikazima hapo hapo. Ikawaka Ijumaa asubuhi. Linda akasema ni kweli, aliishika yeye mwenyewe ikiwa imekufa.

Nikavuta kiti changu karibu na cha mjomba.

Mzee Mogire akanitaka nirudie yote. Alichosema ni nini hasa. Nikarudia. Kinu. Njia ya chini. Mayai. Simama, mume wangu, shuka. Akaniuliza alicheka vipi. Sijui kuiga, lakini nikaiga. Mzee akavua kofia, akafuta nayo macho mbele yetu sote. Akasema kile kinu kilikuwa cha mama yake. Ile njia ya chini aliilima mama huyo mwenyewe, ili watu wafike na magunia. Na akasema jambo ambalo mimi, kwa akili zangu zote, sikulifikiria. Mama mkwe hawezi kumwita mkwe wake mume, hata akishikiwa panga. Lakini nyanya wa bibi arusi anaweza. Nyanya hana chinsoni na mume wa mjukuu wake. Huyo ni wake wa kumtania, huyo ni mume wake. Alikuwa anaitwa Bonareri. Amelala pale nje, chini ya migomba, tangu Linda akiwa shule ya msingi.

Wote tukatazama nje. Ilikuwa mchana mweupe, na migomba haikutikisika. Sikupenda vile haikutikisika.

Linda alikuwa analia. Akasema yeye basi, hataki tena Sheila. Nyanya amemwokoa baba wa mtoto, na ametoka kutafuta jina lake. Mtoto aitwe Bonareri. Mama mkwe akatuma neno lingine kutoka jikoni: marehemu kama huyo akisema, mnampa mtoto jina lake na anapumzika. Haitwi tena. Haongeleshwi tena. Ile hedseti isiingie nyumbani mwenye mtoto.

Nikakubali yote. Nikaapa. Mbuzi wakawa wawili, mmoja wa kofia na mmoja wa miguu. Njiani kurudi mjomba hakunisemesha mpaka Keumbu, kisha akauliza jina la mama yake limefika wapi. Nikamwambia atulie, niachie mimi.

Jumanne, 13 Mei

Linda amerudi! Nyumba ina moshi, nepi na kelele. Nimembeba mtoto mpaka mkono ukafa ganzi. Nina furaha, nasema wazi. Sitawaacha waondoke tena.

Na Ubah amenipa kazi! Ananipa Nyamira yote, na sasa anataka nimfikishie wateja wa Suneka pia, na huko ndani ndani. Machogu alinipa mkono. Akaniuliza, kwa unyonge kabisa, ni nani anayenionyesha njia. Nikamwambia ni teknolojia.

Shida ni Suneka. Siijui. Linda naye haijui, na akinyonyesha hataki simu. Hedseti niliapa haitaingia nyumbani. Haijaingia. Iko zizini, ndani ya helmeti, imening'inizwa kwenye msumari juu ya ng'ombe. Ng'ombe hataki kulala upande ule.

Kuhusu jina nimetulia na kufikiri. Wamesema mtoto akishapewa jina, nyanya atapumzika. Haya. Akipumzika, nani ataniambia njia? Kwa hiyo jina lisubiri kidogo. Linda nimemwambia naibu wa chifu, anayeandikisha majina ya watoto, hayupo ofisini wiki hii. Mjomba Ochoki nimemwambia ni Nyaboke, afunge mtamba kamba. Mzee Mogire nimemwambia ni Bonareri, nangoja karatasi tu. Kila mtu ana furaha. Sioni kwa nini watu huona mambo haya ni magumu.

Alhamisi, 15 Mei

Naandika nikiwa kando ya njia, mbele ya Suneka, pikipiki nimeizima.

Nyanya hahitaji hata bando! Nilivaa helmeti asubuhi, simu imezimwa kabisa, nikamsalimu kwa heshima, nikamuuliza kama anaijua Suneka. Akacheka. Akasema kila mahali watu wamelala anapajua. Jibu zuri sana kibiashara. Akanipitisha njia ambazo sijawahi kuziona, nyuma ya mashamba, kando ya makaburi ya watu, na kila mlango nilioambiwa nibishe ndio uliokuwa na mteja. Nimepeleka mizigo yote ila mmoja. Nikawa nawaza ya mbele: anaweza kunifikisha Migori? Akiniongoza mimi, hawezi kuongoza na wengine, watu wa bodaboda kumi, kila mtu na helmeti yake?

Hapo ndipo akauliza. Mtoto anaitwaje?

Nikamwambia bado tunajadiliana, mambo haya hayataki haraka. Mvua ndogo ikaanza, ukungu ukashuka katikati ya mchana. Nikamuuliza kama amekasirika. Akasema hapana, hawezi kumkasirikia mume wake. Sauti ilikuwa karibu sana, karibu kuliko spika. Ikawa na baridi. Kisha akaniambia nipinde kushoto.

Nimesimama natazama kushoto. Hakuna barabara. Kuna migomba mitatu, kisha ukungu mtupu, na mbali huko chini maji yanasikika. Nimewasha simu niangalie ramani. Haionyeshi kitu. Ameyarudia maneno, kwa upole ule ule. Kushoto, mume wangu.

Huyu hajawahi kunipoteza hata siku moja. Labda anajua njia ya mkato.